Picha haitoshi: jina la buibui mrukaji limo kwenye kipapasio

Karibu kila wiki naletewa picha iliyopigwa kwa simu: kibuibui kidogo ukutani, macho mawili makubwa kama taa za gari, na swali moja tu, "Huyu ni nani?" Kusema kwamba ni buibui mrukaji hakunichukui hata sekunde. Familia yake, Salticidae, inajulikana kwa macho. Yako manane, na yale mawili ya mbele katikati yamezidi mengine yote kwa ukubwa. Msogezee kidole, atageuka mzima mzima akukazie macho. Lakini familia hiyo ina spishi zaidi ya 6,000, na hapo ndipo picha inapokwama.

Nimchukue yule ninayempenda kuliko wote, Evarcha culicivora. Kwao ni pembezoni mwa Ziwa Victoria, upande wa Kenya na wa Uganda. Alielezwa rasmi kisayansi mwaka 2003 na Wanda Wesołowska wa Poland pamoja na Robert Jackson wa New Zealand, baada ya kupatikana Mbita Point, magharibi mwa Kenya. Hafiki urefu wa punje ya mchele. Dume na jike wote wana uso mwekundu, na ukimwona akiwa hai unatamani kumtaja jina papo hapo.

Usifanye haraka. Rangi ya buibui hawa kwa sehemu kubwa imo kwenye vinyweleo na magamba membamba, navyo hupukutika kadiri siku zinavyokwenda. Mtumbukize kwenye ethanoli, yaani alkoholi ya kuhifadhia, baada ya muda atapauka. Watoto wa spishi mbili tofauti waweza kufanana kabisa, ilhali dume na jike wa spishi moja waweza kuachana sana kwa sura, na si mara moja wamewahi kupewa majina mawili kama wageni wasiojuana. Ndiyo maana sisi tunaofanya kazi hii tunategemea viungo vya uzazi.

Kwa dume, angalia vile vipapasio viwili vilivyo pembeni mwa mdomo. Akishakomaa, ncha zake huvimba kama glavu za bondia. Ndani ya uvimbe huo mna kifuko cha mbegu na mrija mwembamba wa kuzipitishia, uitwao emboli. Mimi hukata kipapasio cha kushoto, nikakilaza chini ya hadubini kwenye kisahani chenye ethanoli na mchanga safi wa kukishikilia kisibingirike. Kwanza natazama upande wa chini, kisha ubavu. Emboli inaanzia wapi, imejipinda au imenyooka, ni nene au ni kama unywele? Na ule mwiba ulio kwenye pingili iliyo nyuma ya uvimbe, ncha yake inaelekea wapi? Nachora kila ninachokiona. Mkono unaochora hulilazimisha jicho kuona kile ambacho lingekipita.

Jike ana kibamba kigumu chini ya tumbo, epijino. Ukikitazama kwa nje unapata nusu ya habari. Nusu ya pili, yaani njia na vifuko vilivyojikunja ndani, inabidi uifuate: unakibandua kibamba, unayeyusha nyama kwa hidroksidi ya potasiamu, halafu unakiweka kwenye mafuta ya karafuu ili kiangaze. Naam, karafuu hii hii ya Unguja na Pemba. Kila nikifungua kile kichupa maabara nzima hunukia, na kibamba kilichokuwa cheusi tii polepole kinaanza kupitisha mwanga.

Baada ya hapo ni kulinganisha na michoro ya spishi zote za jenasi yake (kundi la spishi za ukoo mmoja wa karibu) iliyokwisha kuchapishwa, kurudi nyuma hata kwenye maandishi ya karne ya 19. Ikiwa hakuna inayolingana, ndipo unapothubutu kusema ni spishi mpya. Unaandika vipimo, unachagua kielelezo kimoja kiwe holotaipu, yaani shahidi wa jina hilo, na unataja makumbusho yatakayomtunza. Jina lenyewe ukilichagua vizuri hubeba habari: culicivora maana yake ni mla mbu.

Na kweli anawala. Midomo yake haiwezi kutoboa ngozi ya mtu, lakini damu anaitaka, basi huipata kwa kumkamata mbu jike aliyekwisha kunyonya. Jambo hilo lilithibitishwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005. Ukifika Mbita usiku utaelewa ni kazi ya namna gani: visubi wa ziwani hujaa kuta, wengi kupita mbu, nao kwa umbo wanafanana nao. Katika kundi hilo yeye huchagua, kwa macho na kwa harufu. Watoto wake wamebobea zaidi kwa Anofelesi, mbu wa malaria, ambaye akitua huinua mkia; wao humzunguka wakamvamia kwa nyuma. Sisemi kwamba buibui huyu atatuondolea malaria. Nasema tu kwamba bila jina la uhakika, hakuna ambaye angejua kama buibui aliyechunguzwa Kenya ndiye yule anayeonekana Uganda.

Kitu kinachoniuma ni lebo. Niliwahi kupokea vichupa vya buibui wazuri mno kutoka sehemu mbili, lebo zimeandikwa kwa kalamu ya wino. Ethanoli ilikuwa imefuta kila kitu. Sikuweza tena kujua nani ametoka wapi, na mnyama asiye na mahali alikotoka hawezi kuwa shahidi wa jina lolote.

Kwa hiyo ukikutana na mwenye uso mwekundu huko Homa Bay, Busia au ng'ambo Entebbe, mpige picha usoni, mgongoni na ubavuni. Kama una ruhusa ya kukusanya, tafuta dume na jike waliokomaa, kila mmoja kwenye kichupa chake. Kisha chukua kipande cha karatasi, andika kwa penseli mahali, tarehe na alikuwa kwenye nini, nyasi au ukuta, ukitumbukize humo humo ndani pamoja naye.