Ibilisi wa vitabuni si yule wa barazani

Bagamoyo ina misikiti mikongwe, ina misheni ya Wakatoliki iliyoanza mwaka 1868, na ina chuo cha sanaa. Mazungumzo ya moto na Ibilisi hayawezi kukosa wasemaji katika mji kama huu. Kaa kwenye kahawa baada ya Isha, utamkuta kila mtu anajua sura yake, makazi yake na bei anayonunulia roho. Mengi ya hayo hayamo kwenye Qur'ani wala kwenye Biblia, na hata vitabu vya fasihi vinavyosingiziwa mara nyingi vinasema kinyume.

“Shetani ndiye mfalme wa Jehanamu.”

Nani kampa ufalme? Katika Qur'ani walinzi wa moto ni malaika wakali, wenye nguvu. Sura ya Al-Muddaththir inawataja kumi na tisa, na Az-Zukhruf inamtaja Malik, ambaye watu wa motoni watamlilia ili Mola wake awamalize wapumzike. Ufunuo wa Yohana, sura ya 20, unamtupa Ibilisi katika ziwa la moto kwenda kuteswa, si kutawala. Kote huko yeye ni mfungwa.

Dante Alighieri, mshairi wa Florence aliyefariki mwaka 1321, alilishika jambo hili barabara. Jehanamu yake ina duara tisa, na Lucifer yuko chini kabisa, amenasa kwenye barafu hadi kifuani. Ana nyuso tatu, na kila kinywa kinatafuna mtu: Yuda katikati, Brutus na Cassius waliomuua Julius Caesar huku na huku. Mabawa yake sita yanapigapiga, na upepo wake ndio unaoligandisha ziwa, kwa hiyo jela yake anaijenga mwenyewe. Macho yote sita yanatoa machozi. Hasemi neno.

Kiti cha enzi alipewa na John Milton, Mwingereza aliyekuwa kipofu wakati akitunga utenzi wa Paradise Lost, uliotoka mwaka 1667. Shetani wa Milton anaongoza baraza la mashetani na anasema ni bora kutawala motoni kuliko kutumikia mbinguni. Wasomaji wengi wanapendezwa na kurasa hizo za mwanzo, wanafunga kitabu, wanakwenda kusimulia. Hata mshairi William Blake alisema Milton alikuwa upande wa shetani bila mwenyewe kujua. Nadhani Blake aliifuata hotuba akaiacha hadithi. Nenda kitabu cha kumi cha utenzi huo uone. Shetani anarudi kutoka kumdanganya Hawa, anajitokeza kitini, anajisifu weee, kisha ananyamaza kungojea vifijo. Anachosikia ni mlio wa nyoka, ukumbi mzima. Kabla hajaelewa, mikono inamgandama mbavuni, miguu inajisokota pamoja, anaanguka kwa tumbo. Anataka kusema, lakini ulimi umeshagawanyika na hautoi ila mlio uleule. Wafuasi wake, nyoka sasa, wanaparamia miti yenye matunda ya kupendeza, na wakiuma wanatafuna majivu.

Milton hakuichagua adhabu hiyo ovyo, maana silaha ya Ibilisi siku zote ni maneno. Katika Sura ya Ibrahim, aya ya 22, hukumu ikishapita anawaambia wafuasi wake kwamba hakuwa na mamlaka yoyote juu yao. Aliwaita tu, nao wakamwitikia, basi wasimlaumu yeye, wajilaumu wenyewe. Katika Utenzi wa Ayubu, kama katika Biblia, hawezi kumgusa Ayubu mpaka apate ruhusa. Mfalme gani huyo wa kuomba ruhusa?

“Ana pembe, mkia na uma mrefu.”

Ufunuo una joka jekundu lenye vichwa saba na pembe kumi. Yule mtu mwenye kwato za mbuzi ni kazi ya wachoraji wa Ulaya, na filamu zikampokea kutoka kwao. Qur'ani inafananisha mazao ya Zaqqum, mti wa motoni, na vichwa vya mashetani, lakini haisemi vichwa hivyo vikoje. Tumeachiwa tuogope wenyewe.

Silaha za ncha kali zipo kweli kwa Dante, ila zimeshikwa na mashetani wadogo, wenye ndoana, wanaolinda mtaro wa lami inayochemka. Hapa mtu wa pwani anamsoma Dante vizuri kuliko profesa aliyekulia mbali na bahari. Dante anasema lami ile inatokota kama ile ya karakana ya meli ya Venice wakati wa baridi, mafundi wakikalafati vyombo vibovu: huyu anachonga makasia, yule anasokota kamba, mwingine anashona tanga. Teremka ufukweni kwetu wanapotengenezwa majahazi, utaikuta kazi hiyohiyo, ila fundi wetu anashindilia pamba yenye mafuta kwenye maungio ya mbao. Na wanaochemshwa ni nani? Watumishi wa umma waliokula rushwa. Akiinua mtu kichwa anazamishwa kwa ndoana, jinsi wapishi wanavyowaamuru wasaidizi wao kuishindilia nyama sufuriani.

Wasomaji wa Bagamoyo huwa wanashangaa kuambiwa kwamba Dante alimweka motoni hata Papa Nicholas III, kichwa chini, nyayo zikiwaka. Akawaweka wanafalsafa Ibn Sina na Ibn Rushd, pamoja na Sultani Salahuddin, kwenye duara la kwanza, lisilo na mateso. Asidhani mtu, hata hivyo, kwamba alikuwa rafiki wa Waislamu. Mahali pengine anawatukana kwa maneno nisiyoweza kuyaandika hapa.

“Motoni ni joto tu.”

Barafu ya Dante tumeshaiona. Na katika Bukhari mna hadithi kwamba moto ulimshtakia Mola wake, ukaruhusiwa pumzi mbili, moja wakati wa baridi na moja wakati wa joto, na ile baridi kali kupita kiasi ni zamhariri yake, yaani baridi ya huko motoni.

“Aliyeuza roho lazima atajirike.”

Hii inapendwa sana kila jirani anapoinua ghorofa. Daktari Faustus wa Christopher Marlowe, mwandishi aliyekufa mwaka 1593, alisaini kwa damu yake apewe miaka 24. Aliahidi kufanya makubwa. Akaishia kumpiga Papa kofi na kumletea mke wa mtawala mmoja, aliyekuwa mjamzito, zabibu mbivu katikati ya majira ya baridi. Msomi mzima wa chuo kikuu cha Wittenberg akageuka mtu wa kutumwa sokoni! Wala si kila Faust anapotea: yule wa Mjerumani Goethe, katika sehemu ya pili iliyochapishwa mwaka 1832, anaokolewa mwishoni na shetani anabaki na mkataba wake mkononi.

“Safari za kuzimu ni hadithi za Wazungu.”

Kila Rajabu tunasoma Miraji, na masimulizi yake yana moto na watu wake. Simulizi moja ya Miraji, Kitabu cha Ngazi, ilikuwa imetafsiriwa Hispania kwa amri ya Mfalme Alfonso X kabla Dante hajaandika. Mwaka 1919 msomi Mhispania Miguel Asín Palacios alidai Dante alichota kwenye masimulizi ya Miraji, na ubishi wa wataalamu haujaisha. Utenzi wa Kiswahili wa Al-Inkishafi nao unageukia Kiyama na Jehanamu katika beti za mwisho, ingawa kwangu kinachotisha zaidi mle ni nyumba za mji wa Pate zilizobaki na popo na mende.

“Ngoma ya pepo ni ibada ya Ibilisi.”

Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda hapahapa jirani, alieleza pepo kwa kirefu katika kitabu cha desturi za Waswahili kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1903. Wana majina, kama dungumaro na kinyamkera, na ngoma zao. Mgonjwa akipandisha, pepo anaulizwa ni nani na anataka nini. Sheikh au padri akikataza, ana hoja zake za dini. Lakini pepo huyo anadai vitu vyake vya kawaida, akivipata anamwacha mgonjwa. Hamuulizi mtu roho yake.