"Ni uzee tu, daktari"

Nimechoka kuyasikia maneno haya. Bibi wa karibu miaka mia, Jumapili alikuwa anachambua mlenda na kumgombeza aliyeacha mbuzi waingie shambani. Alhamisi analetwa amelegea, anamwita mjukuu kwa jina la kaka yake marehemu, na familia inaniambia ni uzee.

Uzee hauji kwa siku nne. Mzee akichanganyikiwa ghafla, mchukulieni kuwa mgonjwa: maambukizi ya njia ya mkojo, nimonia, malaria, sukari kushuka, au dawa mliyomnunulia dukani bila kupimwa. Msisubiri homa, kwa sababu katika umri huo nimonia kali inaweza kuja bila mwili kuchemka. Na mara nyingi tatizo ni maji. Kiu hupungua kwa umri, hivyo kumuuliza "Bibi, una kiu?" hakusaidii. Mshikisheni kikombe, uji mwepesi au chai, mkae naye mpaka amalize. Wanaonyimwa maji jioni ili wasilowanishe godoro ndio ninaowapokea ulimi umekauka, mkojo mweusi kama chai ya mkandaa. Inaniuma, maana huyu alistahimili njaa na kuzika watoto, halafu anaondoka kwa kukosa vikombe vichache vya maji.

Eti watu wa zamani waliishi mia kwa sababu ya mtama na mlenda? Mnaowaona ni waliobaki. Tulipopata Uhuru mwaka 1961, wastani wa kuishi haukufika miaka 50, hasa kwa sababu ya vifo vya watoto wadogo. Mlenda ni mzuri, mpeni, lakini chanjo ndizo zilizookoa wajukuu wake.

Kukosa cheti cha kuzaliwa nako si kizuizi cha kukadiria umri wake. Huku Ugogoni tunauliza: alizaliwa kabla au baada ya njaa ya Mtunya iliyoanza 1917? Vita Kuu ya Pili ilimkuta ameolewa? Tulipohamishiwa vijiji vya Ujamaa miaka ya 1970 alikuwa na wajukuu? Ila msiniletee babu wa miaka 140. Jeanne Calment wa Ufaransa, mwenye umri mrefu kuliko wote uliothibitishwa, alifariki 1997 akiwa na miaka 122.

Mtoto wa jicho hutolewa hata kwa mzee wa miaka mia, kwa kawaida kwa ganzi ya jicho tu. Muulizeni mwenyewe kama anataka, kisha mleteni.