Deki haina chaneli, ina chanzo

“Hii TV haina chaneli ya deki.” Anayesema hivyo kwa kawaida ameshachomeka nyaya zote, ameshika rimoti, amepanda kutoka namba 1 hadi 99 na kushuka tena, na alichokiona ni chenga tupu. Sasa anataka kuirudisha TV dukani. TV haina kosa lolote. Anachokitafuta hakikai huko anakokitafuta.

Chanzo ni njia ambayo picha na sauti huingilia kwenye TV: antena ni chanzo, AV ni chanzo, HDMI 1 na HDMI 2 ni vyanzo viwili tofauti, hata USB ni chanzo. Chaneli ni kituo kimojawapo kati ya vingi vilivyoingia pamoja kwa njia moja ya antena au dishi, kikatenganishwa na wenzake na sehemu ambayo mafundi huiita tyuna. Chanzo huchaguliwa kwa kitufe kilichoandikwa SOURCE, INPUT au AV; chaneli huchaguliwa kwa namba. Basi, maana ndiyo hiyo.

Maneno yenyewe yanasaidia, mtu akiyasikiliza. Chanzo kimetoka kwenye kuanza, kama pambo lilivyotoka kwenye kupamba. Wengi mitaani husema sosi, na hakuna ubaya, ingawa kwenye banda la chipsi utapewa kitu kingine. Neno la Kiingereza lililotuletea sosi hiyo hutumika pia kwa chimbuko la mto, na mizizi yake ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuinuka au kuibuka. Chaneli nayo imefika kwetu kwa Kiingereza, kutoka Kifaransa cha kale, kutoka Kilatini canalis: bomba, mfereji. Kwa hiyo moja ni chemchemi na nyingine ni mfereji. Mwenye kutafuta “chaneli ya deki” amesimama mferejini akiulizia chemchemi ya bonde la pili.

Hata hivyo msemo huo haukuzuka hewani. Zamani chaneli ya deki ilikuwepo kweli. Enzi za kanda za VHS, TV nyingi zilikuwa na tundu moja tu, la antena. Ili ipite hapo, deki ilibebeshwa moduleta ndogo iliyoigeuza kuwa kituo cha televisheni cha chumba kimoja: ilichukua picha ya kanda na kuipandisha kwenye masafa ya UHF, mara nyingi chaneli ya 36, yaani MHz 590 hadi 598, katika nchi nyingi zilizotumia PAL, mfumo wa rangi za TV. Marekani ilikuwa chaneli ya 3 au ya 4, na nyuma ya mashine palikuwa na swichi ya kuchagua. Uliitafuta kama unavyotafuta kituo chochote, ukaihifadhi kwenye namba uitakayo. Jambo hili lilikuwa la kweli kiasi kwamba Uingereza, kabla kituo cha Channel 5 hakijaanza kurusha Machi 1997, mafundi walilazimika kutumwa nyumba kwa nyumba kuzihamisha deki kwenye masafa mengine, maana kituo kipya kilipewa chaneli za 35 na 37 na kingegongana nazo.

Deki ya kurekodi DVD ilivunja mazoea hayo kimyakimya. Nyuma ina matundu mawili ya antena, moja la kuingiza na moja la kutoa, sawasawa na deki ya kanda. Tofauti ni kwamba nyingi hazina moduleta ndani. Tundu la kutoa linapitisha tu kile kilichoingia kutoka kwenye antena. Picha ya diski haipiti hapo kabisa. Ukiunganisha kwa waya wa antena peke yake, vituo vya antena vitaendelea kuonekana kwenye TV na deki haitaonekana hata ukitafuta mpaka kesho. TV ya zamani isiyo na tundu lolote ila la antena inahitaji moduleta ya kununua pembeni. Hapo tu, na si penginepo, “chaneli ya deki” inarudi kuwa usemi sahihi.

Kisha likaja badiliko la pili. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, kwa kuanzia na Dar es Salaam. Kenya ikazima mwaka 2015. Deki nyingi za kurekodi zilizokwisha kuuzwa zilikuwa na tyuna ya analojia. Tyuna hiyo sasa haina cha kushika, hata uiwekee antena ya mita kumi. Chaneli zimehamia kwenye king'amuzi, jina zuri kuliko mengi tuliyoyapata kwenye fani hii: limetoka kwenye kung'amua, kutambua kilichofichika. Na humo masafa mamoja hubeba vituo vingi kwa pamoja, kwa hiyo namba unayobonyeza ni lebo tu, si masafa.

Matokeo yake ni kwamba chanzo hutegemea umesimama wapi. Kwa TV, deki ni chanzo. Kwa deki, king'amuzi ni chanzo. Kwa mpangilio huu chaneli zinakaa sehemu moja tu, ndani ya king'amuzi, na deki wala TV hazina habari nazo.

Kufunga ni hivi. Waya wa antena au dishi uende kwenye king'amuzi. Kutoka king'amuzi, waya wa AV wa rangi tatu (njano picha, nyeupe sauti ya kushoto, nyekundu sauti ya kulia) uingie kwenye tundu la deki lililoandikwa IN. Mara nyingi la nyuma huitwa L1 au AV1 na la mbele L2 au AV2. Kutoka tundu la deki lililoandikwa OUT, waya mwingine wa namna hiyo uende TV, au HDMI kama deki inayo. Halafu HDMI ya king'amuzi iende moja kwa moja kwenye TV. Ving'amuzi vingi hutoa HDMI na AV kwa wakati mmoja, kwa hiyo utatazama taarifa ya habari bila kuiwasha deki. Usihangaike kutafuta mahali pa kuingizia HDMI kwenye deki: deki hizi za majumbani huwa na HDMI ya kutoa tu.

Ukitaka kurekodi, mambo matatu yachaguliwe kwenye vifaa vitatu kwa rimoti tatu: king'amuzi kiwe kwenye chaneli unayoitaka, deki iwe L1, TV iwe kwenye chanzo cha deki ili uone kinachoingia. Ukibadilisha chaneli ya king'amuzi katikati ya kurekodi, umebadilisha rekodi. Ukiweka saa ya kurekodi usiku, king'amuzi kibaki kimewashwa na kwenye chaneli ileile. Kikijizima chenyewe saa nne, utaamka na saa mbili za giza kwenye diski. Diski ya GB 4.7 huchukua takriban saa mbili kwa SP (ubora wa kawaida) na nne kwa LP (rekodi ndefu, ubora mdogo), na ile ya kuandika mara moja haitacheza kwenye deki ya jirani mpaka uifunge kwa amri ya FINALIZE.

Zikija hitilafu, nyingi zina sababu inayojulikana. Picha isiyo na rangi kwenye TV bapa: tundu la njano na la kijani mara nyingi ni moja, na umechagua chanzo cha Component (cha nyaya za kijani, buluu na nyekundu) badala ya AV, kwa hiyo TV inasoma mwanga tu. Ikiwa umechagua AV na bado haina rangi, angalia kama deki imeletwa kutoka nchi inayotumia NTSC, mfumo wa rangi ulio tofauti na PAL. Mngurumo mkali kwenye spika: waya wa picha umeingia tundu la sauti. TV nyembamba zenye tundu dogo la milimita 3.5 zinataka waya wa AV wenye mikanda mitatu myeusi kwenye ncha, na mpangilio wa ndani haufanani kwa watengenezaji wote. Waya wa redio au wa kamera waweza kuingia vizuri na kuleta mngurumo uleule. Nyekundu na nyeupe zikibadilishana hakuna kinachoharibika, kushoto kunakuwa kulia. Picha yenye watu warefu wembamba: king'amuzi kimewekwa umbo la picha pana, 16:9, na kinachoonyesha kinadhani ni lile la zamani, 4:3. Deki ikigoma kurekodi kituo fulani na kukubali vingine, hicho kimewekewa alama ya kuzuia nakala, na waya mpya wa bei ghali hautasaidia. Na usishangae picha ya rekodi kuwa na ukungu kidogo ukilinganisha na HDMI: waya wa njano hauvuki mistari 576.

Basi mtu akikuambia TV yake haina chaneli ya deki, usimcheke, pengine kajifunzia kwenye VHS. Mwambie ni kweli haina, aache namba, abonyeze SOURCE, ateremke mpaka jina la tundu alilochomeka. Na wewe ukimpigia fundi naye akuulize “umeweka chaneli gani?”, mpe majibu mawili, kwa sababu hata yeye ameuliza nusu: TV iko HDMI 2, king'amuzi kiko namba kadhaa.