Freddie Mercury: sauti ile ilitengenezwaje?

Kila msimu wa wageni, Mji Mkongwe wa Zanzibar hupata watu wanaouliza swali moja: nyumba ya Freddie Mercury, yule mwimbaji wa bendi ya roki ya Uingereza iitwayo Queen, iko wapi? Vijana wa kutembeza watalii wana majibu zaidi ya moja, kwa sababu nyumba zinazodaiwa kuwa familia yake iliishi humo nazo ni zaidi ya moja. Tangu 2019 pana makumbusho yake Shangani, kwa hiyo anayetaka picha ya mlangoni anajua pa kwenda. Mimi nafundisha uimbaji na historia ya muziki, na swali la nyumba halinishughulishi sana. Linalonishughulisha ni lile la wanafunzi wangu kila tunapofika kwake: "Mwalimu, sauti kama ile si mtu anazaliwa nayo tu?"

Tuanze basi na kuzaliwa. Farrokh Bulsara, ndilo jina lake la kuzaliwa, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, enzi za Sultani Khalifa bin Haroub, nchi ikiwa chini ya himaya ya Waingereza. Baba yake, Bomi, alikuwa keshia katika serikali ya kikoloni, na mama yake akiitwa Jer. Walikuwa Waparsi wenye asili ya Gujarat, na jina la ukoo limetoka kwenye mji wa Bulsar, ambao siku hizi huitwa Valsad. Dini yao ni ile ya Zarathustra, iliyozaliwa Uajemi. Kwa Kiswahili watu wa dini hiyo huitwa majusi, na aliyesoma Injili ya Mathayo analijua neno hilo kwa umbo jingine: wale mamajusi wa mashariki walioifuata nyota. Wengine huwaita waabudu moto, na hilo ni kosa. Moto kwao ni alama ya nuru na usafi. Wanauelekea wakati wa sala, hawauabudu.

Akiwa na miaka 8 alipandishwa meli kwenda India, akaingia shule ya bweni ya St Peter's huko Panchgani, mji wa milimani kusini mashariki ya Bombay. Njia hiyo ya bahari haikuwa ngeni kwa muziki wa Unguja. Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka maji yale yale kwenda Bombay kurekodi taarab kwa kampuni ya Gramophone, zile santuri zenye picha ya mbwa anayesikiliza gramafoni. Mwaka 1931 kampuni hiyo iliungana na nyingine ikawa EMI. Na EMI ndiyo iliyotoa santuri ya kwanza ya bendi ya Queen huko Uingereza mwaka 1973. Sisemi kwamba Freddie alirithi chochote kwa Siti, kwa maana hakuna ushahidi wa jambo hilo. Napenda tu kuziweka habari hizo mbili pamoja mbele ya wanafunzi, waone dunia ya santuri ilivyokuwa ndogo.

Panchgani ndiko alikojifunza piano, ndiko wenzake walikoanza kumwita Freddie, na ndiko alikoingia bendi yake ya kwanza, The Hectics, ya wavulana wa shule waliokuwa wakiiga roki ya Marekani na Uingereza. Alirudi Unguja mwaka 1963. Uhuru ulikuja tarehe 10 Desemba mwaka huo, na Mapinduzi yakafuata tarehe 12 Januari 1964. Familia ikaondoka kwenda Uingereza, ikapanga maisha upya Feltham, kitongoji cha London kilicho karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow. Freddie alikuwa na miaka 17.

Hesabu mwenyewe: miaka minane ya utoto Unguja, halafu muda mfupi wa ujana. Ni maisha ya kweli, na kumwita mzaliwa wa Zanzibar si kujipendekeza. Lakini anayedai kwamba nyimbo za Queen zimebeba midundo ya visiwani anatunga. Hoja inayoletwa sana ni neno "Bismillah" lililomo ndani ya "Bohemian Rhapsody". Mtoto wa Mji Mkongwe bila shaka alilisikia neno hilo kabla hajajua kusoma. Ila mtunzi alikataa maisha yake yote kueleza maana ya wimbo ule, na mwalimu mwaminifu anaishia hapo.

Uingereza hakupokewa kama nyota. Alibeba mizigo Heathrow. Alisomea sanaa ya michoro Ealing na kupata diploma mwaka 1969, kisha akawa anauza nguo za mitumba kwenye soko la Kensington pamoja na mpiga dramu Roger Taylor. Aliimba kwenye bendi mbili, Ibex na Sour Milk Sea, na zote zikavunjika. Taylor amesimulia baadaye kwamba siku hizo sauti ya rafiki yake ilikuwa na nguvu nyingi lakini haina lijamu. Maneno hayo nayasisitiza darasani. Aliyekuwa akiishi naye na kufanya naye biashara hakuisikia bado ile sauti tunayodhani alizaliwa nayo.

Mwaka 1970 Taylor na mpiga gitaa Brian May waliachwa na mwimbaji wa bendi yao iliyoitwa Smile. Freddie akashika nafasi. Akabadili jina la bendi kuwa Queen, akabadili na lake la ukoo kuwa Mercury, halafu akatumia ile diploma: akachora nembo ya bendi kwa alama za nyota za wanachama, simba wawili, kaa mmoja na wasichana wawili wenye mbawa, na juu yao ndege aitwaye finiksi. John Deacon alijiunga na gitaa la besi mwaka 1971, na watu hao wanne hawakubadilika tena mpaka kifo kilipowatenganisha. Kwa bendi ya roki, hilo peke yake ni ajabu.

Sasa turudi kooni. Mwaka 2016 watafiti wa sauti kutoka nchi za Ulaya walichapisha uchunguzi wa rekodi zake za kuimba na za mahojiano. Alipozungumza, nyuzi zake za sauti zilitetema wastani wa mara 117 hivi kwa sekunde, kiwango cha mwanamume mwenye sauti ya kati. Yaani maumbile yalimpa sauti ya kati, naye akaimba juu. Ule mtikisiko unaosikika anapovuta noti ndefu ulikwenda kasi ya mara 7 hivi kwa sekunde, haraka kuliko kawaida ya waimbaji. Kuhusu ile sauti ya kukwaruza, watafiti walimwomba mwimbaji mwingine wa roki aiige huku kamera ya kasi kubwa ikimtazama kooni. Waliona kwamba pamoja na nyuzi za kawaida, mikunjo iliyo juu yake, ambayo watu wengi hawaitumii kuimba, nayo ilikuwa ikitetema. Na lile dai maarufu kwamba sauti yake ilikuwa na upana wa oktavu nne, yaani ngazi nne kamili za noti, hawakuweza kulithibitisha.

Kisha kuna habari ya meno. Alikuwa na meno manne ya ziada, na inasemwa hakutaka yang'olewe kwa kuhofia kuharibu sauti. Hofu yake naielewa, lakini sauti hutengenezwa kwenye zoloto, yaani kisanduku cha sauti kilicho kooni. Meno kazi yake ni matamshi. Kilichomtesa kweli ni vinundu kwenye nyuzi za sauti, maradhi ya kila anayelipeleka koo lake kasi bila mapumziko, tena yeye alikuwa mvutaji wa sigara. Maonyesho kadhaa yalifutwa kwa sababu hiyo. Wanafunzi wanaopiga kelele kanisani au kwenye harusi hadi usiku wa manane, halafu wakaja kwangu asubuhi na sauti ya mchanga, hapo ndipo ninapowataka wamwangalie Freddie, kabla ya kumwangalia jukwaani.

Kama nina saa moja tu ya kumfundisha mtu habari za Freddie, saa hiyo naitumia kwa "Bohemian Rhapsody". Wimbo huu wa 1975 una urefu wa dakika 5 na sekunde 55, hauna kiitikio, na unapita kwenye balladi ya piano, opera na roki nzito kabla ya kutulia tena. Sehemu ya opera inasikika kama kwaya kubwa. Walioimba ni watatu tu: Taylor juu, Mercury katikati, May chini. Mashine za studio za wakati huo zilirekodi njia 24 kwenye utepe mmoja. Zikijaa, ilibidi uzichanganye ziwe chache, uzihamishie kwenye njia nyingine, upate nafasi ya kuimba tena juu yake. Wakafanya hivyo siku nenda siku rudi, na sauti walizopandishana zinatajwa kufika 180. Wenyewe wamesimulia kwamba utepe ulipitishwa kwenye mashine mara nyingi hadi ukachujuka; ukiuinua kwenye mwanga, unaona upande wa pili. Na muda wote huo ramani ya wimbo ilikuwa kichwani mwa mtu mmoja. Wenzake waliimba vipande bila kujua vinakwenda kukaa wapi.

Wakubwa wa kampuni walisema redio haitapiga wimbo mrefu kiasi hicho. Mtangazaji Kenny Everett wa Capital Radio mjini London aliupata kabla haujatoka, akaupiga tena na tena, watu wakaanza kuuulizia madukani. Ulikaa nambari moja Uingereza kwa wiki tisa. Albamu ya nyimbo teule za Queen iliyotoka 1981 ndiyo iliyouzwa zaidi katika historia ya Uingereza, na kati ya nyimbo zake 17, kumi ni za Mercury.

Jukwaani pia watu hudhani ilikuwa karama tupu. Tarehe 13 Julai 1985, uwanja wa Wembley, kwenye tamasha la Live Aid la kuchangia waliokumbwa na njaa Ethiopia, kila bendi ilipewa dakika 20 hivi. Baadhi ya bendi zilikuja na nyimbo zao mpya. Queen walikodi ukumbi wa tamthilia London, wakafanya mazoezi siku kadhaa huku wakipima kwa saa, wakakata nyimbo zao kubwa vipande na kuzishona pamoja zisipite muda. Mbele ya watu wapatao 72,000, Freddie aliacha ala zote zinyamaze, akatupa sauti moja, uwanja ukaipokea. Akatupa nyingine, ndefu zaidi, yenye mizunguko; uwanja ukaipokea. Kwetu hilo halihitaji maelezo marefu: mghani anatoa, waitikiaji wanapokea, na mghani mzuri hawapi watu wasichoweza kukibeba. Sikiliza rekodi uone anavyowapandishia ngazi moja moja.

Lakini habari za Wembley zina utangulizi ambao mashabiki hupenda kuuruka. Miezi tisa kabla, Oktoba 1984, Queen walipiga muziki Sun City, ndani ya Bophuthatswana, kile kijinchi bandia kilichoundwa na utawala wa kibaguzi wa Afrika Kusini. Umoja wa Mataifa ulikuwa umewataka wasanii wasusie, na chama cha wanamuziki cha Uingereza kikawatoza faini. Bendi ilijitetea kwamba wao si wanasiasa. Sikubaliani nao. Wakati ule Tanzania ilikuwa ikiwahifadhi wapigania uhuru wa kusini, na Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya nchi huru za Afrika. Aliyezaliwa Unguja akaenda kuimba kule, na kwa ninavyojua Queen hawakuwahi kuja kupiga muziki popote pengine Afrika wakati wa uhai wake. Kumpenda mwimbaji hakumlazimishi mtu kulifumbia macho hilo.

Nyumbani nako hakukuwa na kauli moja juu yake. Mwaka 2006 iliandaliwa sherehe Unguja ya kutimiza miaka 60 tangu azaliwe. Kikundi cha Kiislamu kikapinga, kikitaja maisha yake ya mapenzi na wanaume, na sherehe ikafutwa. Miaka 13 baadaye makumbusho yake yakafunguliwa Shangani. Mji ni ule ule.

Freddie aligundulika na UKIMWI mwaka 1987. Dawa za mchanganyiko zilizowawezesha wenye VVU kuishi maisha marefu zilianza kutumika 1996, yeye hakuzifikia. Alichofanya ni kuongeza kazi. Alirekodi albamu na mwimbaji wa opera wa Hispania, Montserrat Caballé, iliyotoka 1988. Zikafuata mbili za Queen, 1989 na 1991. Tarehe 23 Novemba 1991 alitoa taarifa kwa umma kwamba anaugua. Alifariki siku iliyofuata nyumbani kwake Kensington, akiwa na miaka 45, na makasisi wa Kiparsi wakamwombea kwa desturi ya wazazi wake. Wenzake waliobaki walianzisha mfuko wa hisani, Mercury Phoenix Trust, ambao mpaka leo hugharimia miradi ya kupambana na VVU duniani.

Mwezi Mei mwaka huo wa 1991 alikuwa bado studio huko Montreux, Uswisi, akisimama kwa shida. Wimbo uliokuwa mezani uliitwa "Mother Love". Brian May anaandika mistari, Freddie anaiimba papo hapo, mstari baada ya mstari, na juu bado anafika. Ilipobaki beti moja akasema amechoka, akapumzike kwanza, atarudi kuimalizia. Hakurudi. Albamu ilipotoka 1995, beti hiyo ya mwisho aliiimba May.