Mwokoaji Anapoumia au Kufariki Kazini: Fidia, Pensheni na Kumbukumbu za Siku ya Tukio

Lori linapopinduka usiku katika barabara kuu ya Dodoma na Morogoro, wanaowahi kufika si watu wa aina moja. Huwapo askari wa usalama barabarani, askari wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji walioitwa kwa namba 114, muuguzi na dereva wa gari la wagonjwa kutoka hospitali ya wilaya, na mara nyingi kabla ya hao wote huwapo vijana wa bodaboda na wanakijiji waliosikia kishindo. Moto wanaoukabili ni uleule na vyuma ni vilevile. Hata hivyo, mmoja wao akivunjika mgongo au kupoteza maisha, sheria haiwaweki wote katika kundi moja, na kundi analowekwa ndilo linaloamua kama familia yake italipwa pensheni ya kila mwezi au itaishia kwenye rambirambi. Makala hii inaeleza haki zilizopo, na zaidi inaeleza kwa nini haki hizo hutegemea sana kile kilichoandikwa siku ya tukio.

Msingi wa fidia Tanzania Bara ni Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Sura ya 263, iliyotungwa mwaka 2008, pamoja na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) ulioanza kazi mwaka 2015. Mfuko huu huchangiwa na mwajiri peke yake, na ni kosa kumkata mfanyakazi mshahara kwa ajili hiyo. Kiwango cha mchango ni asilimia 0.5 ya mshahara kwa serikali na kwa sekta binafsi, baada ya kile cha sekta binafsi kushushwa kutoka asilimia 1 hadi 0.6 mwaka 2021 na hatimaye kufikia 0.5 mwaka 2022. Muuguzi, dereva wa gari la wagonjwa, mlinzi wa kampuni na mfanyakazi wa kikosi cha uokoaji mgodini wote ni waajiriwa, kwa hiyo mahali pao pa kudai ni hapo. Kwa askari, ofisi ya kwanza ya kuulizia ni ya utumishi ya jeshi lake, kwa sababu majeshi yana kanuni zake za fidia. Pensheni ya kawaida ya mtumishi wa umma na ya warithi wake iko kwenye Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma (PSSSF), ambao makao yake makuu yapo hapa Dodoma. Fidia na pensheni hizo mbili watu huzichanganya, na wapo wanaodai moja wakiacha nyingine ilale.

Chini ya WCF, mfanyakazi aliyeumia hugharamiwa matibabu. Akishindwa kufanya kazi kwa muda, hulipwa asilimia 70 ya mshahara wake, kwa kipindi kisichozidi miezi 24. Akibaki na ulemavu wa kudumu, madaktari hupima kiwango chake: usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo, na unaozidi hapo huzaa pensheni ya kila mwezi. Ipo pia posho ya mtu anayemhudumia mgonjwa asiyejiweza, ipo huduma ya utengamao inayomsaidia kurejea kazini au kujifunza kazi nyingine, na akifariki upo msaada wa mazishi na pensheni ya wategemezi. Tuchukue mfano wa dereva wa gari la wagonjwa mwenye mshahara wa shilingi 800,000 aliyefariki akiwa safarini na mgonjwa. Pensheni ambayo angelipwa kama angepata ulemavu kamili ni asilimia 70 ya mshahara, yaani shilingi 560,000. Mjane hupata asilimia 40 ya kiasi hicho, sawa na shilingi 224,000 kwa mwezi, na kila mtoto asilimia 20, sawa na shilingi 112,000. Mjane mwenye watoto wawili atapokea jumla ya shilingi 448,000. Si fedha ya kujengea ghorofa, lakini ni tofauti kubwa kati ya mtoto anayeendelea na shule na mtoto anayerudishwa kijijini kuchunga.

Ugumu unaanza kwenye sharti lenyewe la sheria, kwamba madhara yawe yametokana na kazi na kutokea katika utekelezaji wa kazi. Kwa karani aliyeangukiwa na kabati ofisini hakuna mjadala. Kwa mwokoaji mjadala ni mkubwa. Askari wa zimamoto aliyekuwa mapumzikoni Kibaigwa, akaona basi linawaka na kuingia kuokoa watu, alikuwa kazini au alikuwa raia mwema? Zimamoto aliyezima moto wa ghala usiku, akarudi nyumbani, akaanguka alfajiri kwa mshtuko wa moyo, ameuawa na kazi au na shinikizo la damu alilokuwa nalo tangu zamani? Na aliyevuta moshi wa plastiki na kemikali kwa miaka kumi na tano, mapafu yakamshinda baada ya kustaafu? Sheria inatambua magonjwa yatokanayo na kazi, wala si ajali pekee, lakini ugonjwa haujitetei wenyewe. Anayeutetea ni daktari anayeandika historia ya mgonjwa, na daktari huandika kile alichoambiwa na kile anachokiona kwenye jalada. Jalada likiwa tupu, hata daktari mwenye huruma hana la kuandika.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa muuguzi anayechomwa na sindano akimhudumia majeruhi ndani ya gari linaloyumba. Wengi hunawa, hunyamaza na kuendelea na zamu, ama kwa haya ama kwa kuogopa kuonekana wazembe. Utaratibu sahihi ni kutoa taarifa papo hapo, kupimwa, na kuanza dawa za kinga dhidi ya VVU mapema iwezekanavyo, na kwa vyovyote ndani ya saa 72. Kipimo cha siku ile kina kazi mbili. Kinamsaidia daktari kuamua tiba, na kinathibitisha kwamba kabla ya tukio muuguzi hakuwa na maambukizi. Kikikosekana, miezi sita baadaye hakuna anayeweza kusema kwa uhakika maambukizi yalitoka wapi, na dai linakuwa neno la mtu mmoja dhidi ya shaka ya ofisi. Ni hivyohivyo kwa homa ya ini.

Ndiyo maana ninawashauri wakuu wa vituo vya zimamoto, vya polisi na vya afya walitazame daftari la matukio kama sehemu ya vifaa vya uokoaji. Liandikwe jina la kila aliyetumwa, saa aliyotoka, nani alimtuma, alichokikuta, na kila jeraha hata likionekana dogo. Anayeumia barabarani au kwa kushambuliwa ahakikishe tukio limefika polisi, anayo namba ya RB, yaani namba ya taarifa yake kituoni, na PF3, fomu ya polisi ya kupelekea majeruhi hospitali, imejazwa na kubaki na nakala. Mwajiri anatakiwa kuujulisha Mfuko ndani ya siku 7 tangu apate habari, na dai lenyewe liwasilishwe ndani ya miezi 12. Miezi 12 inaonekana mingi hadi pale familia inapoitumia yote kwa matanga, arobaini na kusubiri ofisi ya marehemu ijitokeze yenyewe. Mara nyingine ofisi haijitokezi, si kwa ubaya, ila kwa kuwa afisa aliyelijua jambo amehamishwa.

Kifo kinapotokea, nyaraka za familia nazo huanza kuhojiwa. Cheti cha kifo na vyeti vya kuzaliwa vya watoto hutolewa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na bila hivyo hakuna dai linalosogea. Cheti cha ndoa ndicho kinachosumbua zaidi katika mikoa yetu ya kati, ambako ndoa nyingi za Wagogo, Wanyaturu na Warangi zilifungwa kimila, mahari ikatolewa kwa ng'ombe na mbuzi mbele ya wazee, bila kupelekwa kwa msajili. Ndoa ya kimila inatambuliwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, na inaweza kusajiliwa. Mwenye ndoa ya namna hiyo asingoje msiba ndipo aanze kutafuta mashahidi. Kwa walioishi pamoja bila ndoa yoyote, kifungu cha 160 cha sheria hiyohiyo kinaweka dhana ya ndoa pale mwanamume na mwanamke walipoishi pamoja kwa miaka 2 au zaidi na jamii ikawatambua kuwa mke na mume. Dhana hiyo, hata hivyo, inaweza kupingwa kwa ushahidi, na wapingaji huwa ni ndugu wa marehemu. Kikao cha ukoo kina nafasi yake katika kumteua msimamizi wa mirathi anayethibitishwa na Mahakama ya Mwanzo, lakini pensheni ya wategemezi imewekwa kwa ajili ya mjane au mgane na watoto, na shemeji hana mamlaka ya kuigawa kama anavyogawa shamba.

Tuangalie kwingine kidogo. Marekani ina sheria mahususi kwa ajili ya askari polisi, wazimamoto na waokoaji, iliyotungwa mwaka 1976 na kusimamiwa na Wizara ya Sheria ya nchi hiyo. Familia ya aliyekufa kazini hulipwa na serikali kuu mkupuo wa kiwango kimoja bila kujali mshahara, ambao ulianza na dola 50,000 na leo umepita dola 400,000, pamoja na msaada wa masomo kwa mjane na watoto. Sheria ya mwaka 2003 iliamua suala la moyo: mwokoaji akipata mshtuko wa moyo au kiharusi ndani ya saa 24 baada ya kazi nzito ya dharura, huchukuliwa kuwa amefia kazini hadi ithibitishwe vinginevyo. Mwaka 2022 yakaongezwa madhara ya akili yatokanayo na matukio ya kutisha. Familia nyingi za huko zimelalamikia ucheleweshaji, kwa hiyo si mpango wa kuigwa kwa kila kitu. Ninachokiona cha kujifunza ni kwamba mzimamoto wa kujitolea katika kikosi kinachotambuliwa kisheria anahesabiwa sawa na wa kulipwa.

Kwetu, anayejitolea bado yuko nje ya mfumo. Ndege ya Precision Air ilipoanguka katika Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, wavuvi ndio waliotangulia kufika, na kijana mmoja aliumia hadi kupoteza fahamu akijaribu kufungua mlango. Alipewa fedha na, kwa agizo la Rais, ajira katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Taifa lilifanya vema, lakini ile ilikuwa zawadi, na zawadi haidaiwi ofisini. Mwingine atakayeumia vivyo hivyo mbali na kamera hana fomu ya kujaza. Swali hilohilo linamhusu dereva wa jamii anayeitwa kupitia namba 115 ya m-mama, mpango wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, kumkimbiza mjamzito hospitali na kulipwa kwa safari, na linamhusu mchimbaji mdogo wa Singida anayeshuka shimoni kumtafuta mwenzake. Wa kwanza ni vigumu kumwita mwajiriwa. Wa pili hana mwajiri kabisa.

Hadi sheria itakapopanuliwa, yapo yanayowezekana sasa. Taasisi inayotumia wajitoleaji inaweza kuwakatia bima ya ajali ya kikundi kutoka kampuni yoyote yenye leseni, na mjitoleaji ana haki ya kuuliza kabla hajavaa kizibao kama bima hiyo ipo na inaishia wapi. Chama cha madereva wa bodaboda kinaweza kufanya vivyo hivyo kwa wanachama wake. Sheria ya Menejimenti ya Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Kamati hizo zinaweza kuorodhesha mapema majina ya watu watakaoitwa pakitokea ajali au mafuriko, kazi ya kila mmoja na ndugu wa karibu wa kutaarifiwa, orodha ikatiwa saini na mtendaji, na nakala yake ikabaki wilayani.