Maadili ya uuguzi: yanayodhaniwa wodini na yalivyo

"Nesi mwenye maadili ni yule mpole, asiyefokea."

Upole ni jambo jema, na wagonjwa wengi wa Tanzania wangeshukuru wakiupata huo tu. Lakini nesi mpole naye hukiuka maadili, tena kwa huruma. Majibu ya saratani yamo kwenye faili, watoto wameomba mama yao asiambiwe, naye anamwambia, "Usijali bibi, ni kidonda tu." Hapo mtu mzima mwenye akili timamu amenyimwa nafasi ya kuamua kuhusu mwili wake, mali yake na siku zake.

"Fomu ikishasainiwa, ridhaa imepatikana."

Hili ndilo linaloharibu zaidi. Mgonjwa ameshavalishwa gauni la upasuaji, kitanda kiko mlangoni, ndipo anapewa kalamu: "Saini hapa, mama." Saini ipo, ridhaa haipo. Ridhaa ni kujua unafanyiwa nini, hatari zake ni zipi, kuna njia gani nyingine, na kwamba ukikataa hutasusiwa. Kueleza ni kazi ya daktari atakayepasua. Nesi hushuhudia, ila kabla ya kuweka jina lake anauliza: "Umeelewa wanakwenda kukufanyia nini?" Akijibiwa "Wao ndio wanaojua", fomu inarudi kwa daktari.

Na mume je? Mjamzito mwenye fahamu zake anajisainia mwenyewe. Mke akitaka mume ashirikishwe, ashirikishwe. Ila kumsubiri baba atoke safari ndipo operesheni ianze, huku mtoto amechoka tumboni, ni kuhatarisha roho mbili kwa ajili ya mazoea.

"Ndugu ndiye anayeuguza, kwa hiyo ana haki ya kujua."

Analeta uji, analipia dawa, anakesha kwenye benchi. Lakini siri ni ya mgonjwa, na ndiye anayesema nani aambiwe. Kwa majibu ya VVU, sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI inalinda usiri huo moja kwa moja. Na si umbea tu unaovujisha siri. Wauguzi wakikabidhiana zamu kitanda kwa kitanda, ugonjwa unatajwa kwa sauti na wodi nzima inasikia. Siku hizi kuna na picha ya kidonda kwenye grupu la WhatsApp: uso umefichwa, khanga na namba ya kitanda vinaonekana.

"Daktari ndiye aliyeandika, lawama ni yake."

Nesi ana leseni yake mwenyewe kutoka Baraza la Uuguzi na Ukunga, na anaijibia yeye. Akikuta imeandikwa potasiamu kloraidi isukumwe kwenye mshipa bila kuchanganywa kwenye dripu, hachomi, maana inaweza kusimamisha moyo. Anampigia daktari, kisha anaandika kwenye faili alichoambiwa na saa.

Dhana hii ina historia. Kiapo cha manesi kinachoitwa cha Florence Nightingale, Mwingereza anayehesabiwa mwanzilishi wa uuguzi wa kisasa, hakikuandikwa na Nightingale; kilitungwa Detroit, Marekani, mwaka 1893, na kamati iliyoongozwa na Lystra Gretter, na ndani yake nesi anaahidi kumsaidia daktari kwa uaminifu. Kanuni za kwanza za Baraza la Kimataifa la Wauguzi, za 1953, bado zilitaka maagizo ya daktari yatekelezwe kwa uaminifu. Ni zile za 1973 zilizosema wajibu wa kwanza wa nesi ni kwa watu wanaohitaji huduma yake.

"Wagonjwa wakizidi, maadili hayawezekani."

Nusu ya kweli. Nesi mmoja usiku katika wodi iliyofurika hawezi kumpa kila mtu muda anaostahili, na kumlaumu peke yake ni uonevu. Ila kuvuta pazia kabla ya kuweka mpira wa mkojo hakuhitaji wafanyakazi zaidi. Kuamua nani ahudumiwe kwanza ni suala la maadili pia: anatangulia anayeshindwa kupumua, si anayefahamiana na mganga mfawidhi. Na dawa ya saa sita usiku ikikosa kutolewa, chati iachwe wazi na sababu iandikwe. Kutia tiki ili asubuhi ripoti ionekane safi ni kumdanganya anayepokea zamu, ambaye atapanga dozi inayofuata kwa kuiamini tiki hiyo.