Chumvi ya kupikwa nayo ni chumvi

"Chumvi mbichi ndiyo mbaya, ya kupikwa haina neno." Kauli hii utaisikia karibu kila nyumba yenye mgonjwa wa presha. Basi kikopo cha chumvi kinaondolewa mezani, na jikoni sufuria inatiwa kijiko cha pili.

Moto wa jiko hauiondoi sodiamu, yaani ile sehemu ya chumvi inayopandisha presha. Chumvi huyeyuka tu kwenye mchuzi, na sodiamu inabaki ile ile. Kinachoweza kupungua kwa kupika ni madini joto (ayodini), na hayo ndiyo tunayoyahitaji!

Sodiamu ikizidi huvuta maji, ujazo wa damu huongezeka na moyo husukuma kwa nguvu zaidi. Miaka ikipita, misuli ya moyo hunenepa na mishipa hukakamaa, mara nyingi bila hata kuumwa kichwa. Ndiyo maana presha hupimwa, haisubiriwi.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani pungufu ya kijiko cha chai, kwa kujumlisha yote: ya wali, ya mkate, ya chipsi. Mtazame mpishi wa maharage: anatia chumvi, anamimina pakiti ya kiungo cha mchuzi ambayo nayo ina chumvi tele, kisha anaonja na kuongeza.

Punguza kidogo kidogo. Ulimi huzoea baada ya wiki chache. Ndimu, tangawizi na kitunguu saumu husaidia sana. Ng'onda, yaani samaki mkavu wa chumvi, naye arowekwe, na maji ya kwanza yamwagwe.